Yule Aliyekula Shela

Siku ya mazishi ya mdogo wangu, meneja wa shamba alipewa kipaza sauti atoe salamu za mwajiri. Huku kwetu chini ya Mlima Meru mwajiri hakosi nafasi hiyo. Hupewa baada ya ukoo na majirani, kabla ya mchungaji. Husema marehemu alikuwa mchapakazi, husema pengo lake halitazibika, hukabidhi ubani, hukaa. Watu hawamsikilizi sana kwa sababu waajiri wote husema maneno yale yale.

Yeye hakusema maneno yale yale.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi ni mtu wa ukweli. Kijana wetu tulimpenda, lakini ametuacha pabaya. Tulimwamini atutunzie kumbukumbu za kampuni. Radi imepiga, tumekwenda kufungua, tumekuta maboksi matupu. Mungu amsamehe."

Akakaa. Mama alikuwa mbele kwenye kiti cha plastiki, amejifunika khanga hadi usoni, na tangu asubuhi khanga ile ilikuwa ikitikisika kwa kilio. Maneno yale yalipotoka, khanga ilitulia. Mama aliacha kulia palepale, na hakulia tena hata udongo ulipoanza kuanguka juu ya jeneza. Mimi nilikuwa nimeshika koleo. Nilifukia kaburi la mdogo wangu huku namtazama meneja, na kila koleo niliyotupa niliitupa nikimfikiria yeye.

Shamba lenyewe lipo upande wa Usa River. Zamani lilikuwa la kahawa, mali ya serikali, na baba yetu alichuma humo. Serikali ilipoanza kuuza mali zake, akaja mwekezaji, akang'oa kahawa, akasimamisha mabanda ya nailoni na kupanda mawaridi ya kupeleka Ulaya. Mimi nilipata kazi ya jenereta. Elimu yangu ni darasa la saba, na jenereta haiulizi zaidi ya hapo. Mdogo wangu alisoma kompyuta mjini Arusha, akaajiriwa ofisini. Tukawa tunashuka pamoja asubuhi, yeye na shati la kupigwa pasi, mimi na ovaroli.

Kazi yake kubwa ilikuwa bakapu, yaani kuhifadhi nakala ya kila kitu kilichomo kwenye kompyuta za shamba: oda za wateja, vipimo vya dawa, siku za kazi za kila mfanyakazi. Alimshawishi mwekezaji anunue mashine tatu za kuhifadhia, nyeusi, za chuma, kila moja ukubwa wa kreti ya soda. Sote tuliziita maboksi. Zikawekwa kwenye chumba cha zamani cha kupozea maua, ambacho kilikuwa na kuta nene na kilikuwa mbali na ofisi. Nilimuuliza kwa nini tatu, na si moja kubwa.

"Kaka, mama huwa anaweka wapi mbegu ya maharage?"

"Nyingine juu ya jiko letu. Nyingine kwa shangazi. Nyingine kwa jirani wa chini."

"Kwa nini?"

"Nyumba moja ikiungua, tusikose cha kupanda."

"Basi ndiyo hiyo. Maboksi matatu, ukoo mmoja. Moja likifa, mawili yana mbegu."

Lakini maboksi hayaendi kujichukulia mzigo yenyewe. Ilihitajika mashine nyingine, seva ya nje, ikae upande wa pili kwenye banda la kufungashia maua karibu na ofisi, ikusanye vitu kutoka kwenye kompyuta zote na kuvipeleka kwenye maboksi. Mdogo wangu aliiita Mpagazi, kama vijana wanaowabebea wazungu mizigo kutoka Momela kupanda mlima. Na Mpagazi haingii kwenye ukoo wa watu hivi hivi. Lazima aambiwe jina la ukoo, na ukoo uambiwe jina lake, kila boksi limjue, si moja tu. Kisha kuna neno la siri, paswedi, ambalo huandikwa pande zote mbili. Yakipishana, ukoo unafunga mlango, na Mpagazi anabaki nje akidhani nyumba haina watu.

Siku ya kuviunganisha, mdogo wangu alikaa kwenye chumba cha maboksi na mimi akaniweka kwenye banda la kufungashia, mbele ya Mpagazi. Simu za mkononi wakati ule zilishika mtandao juu ya kilima cha tangi la maji tu, kwa hiyo tulitumia redio za upepo, zile wanazotembea nazo wasimamizi wote wa shamba. Ubaya wa redio hizo ni kwamba ukisema neno moja, shamba zima linalisikia.

"Mpagazi, Mpagazi, unanipata?"

"Nakupata."

"Inakuuliza nini?"

"Paswedi."

Nilijua anafikiria masikio yote yale. Kisha akasema, "Andika jina la ng'ombe wa mama."

"Ng'ombe yupi?"

"Yule aliyekula shela."

Redio ililipuka kwa vicheko kutoka kila banda. Msimamizi wa mawaridi mekundu akadakia, "Ng'ombe kala shela? Na bwana harusi kaliwa na nani?" Mwingine akasema, "Huyo ng'ombe mtafutieni mahari!" Meneja mwenyewe akaingia, "Acheni mchezo hewani!" Na sauti yake ilikuwa inacheka, nakumbuka vizuri.

Ni kweli alikula shela. Shangazi yetu mdogo aliliweka nje juu ya mbuni, mti wa kahawa, lipate hewa asubuhi ya harusi yake, na ng'ombe akalimaliza nusu. Shangazi alifunga ndoa na nusu iliyobaki. Tangu siku hiyo majirani walimwita ng'ombe yule Bibi Harusi, lakini mama alikuwa na jina lake mwenyewe la Kimeru, alilomnong'oneza wakati wa kumkamua ili atulie. Jina hilo tulilijua watatu: mama, mdogo wangu na mimi. Sitaliandika hapa.

Niliandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Taa ya Mpagazi ikageuka kijani. Mdogo wangu akaja mbio kutoka kwenye maboksi, akanipiga bega, akasema, "Wewe sasa ni mtu wa kompyuta, kaka. Nunua miwani."

Msimu wa masika mdogo wangu alishikwa na homa. Tulidhani malaria, kumbe ilikuwa uti wa mgongo. Akiwa amelazwa, radi ilipiga nguzo ya ofisi ikaunguza kompyuta kuu, na Mpagazi pia. Maboksi hayakuguswa, yalikuwa mbali na yana kinga yake. Meneja alinunua Mpagazi mwingine na kumpa karani ayaunganishe. Karani akachomeka waya, akatazama skrini, haikuonyesha faili hata moja. Akamwambia meneja hakuna kitu. Meneja hakwenda kuuliza hospitali. Kwa siku kadhaa mdogo wangu alikuwa bado anaweza kusema, na hakuna aliyekuja kumuuliza. Kisha hakuweza tena.

Baada ya mazishi, maneno ya meneja yalishuka mlima kabla yetu. Msimamizi akikuta ndoo hazina maua, alisema hewani, "Huku ni maboksi matupu." Watu walicheka bila kufikiria, kisha wakanikumbuka, wakanyamaza. Pale sokoni Tengeru mwanamke mmoja alimwuliza mama kama ni kweli mwanaye aliua kompyuta za wazungu. Mama akaacha kwenda sokoni. Kisha akaacha kwenda kwenye umoja wa wanawake wa usharika, ambao alikuwa mmoja wa walioanzisha. Alikaa nyuma ya nyumba na ng'ombe. Yule wa shela alikuwa amekufa zamani, lakini mjukuu wake alikuwepo, na mama alimnong'oneza jina lile lile.

Mimi niliwasha jenereta, nikazima jenereta. Nilimsalimia meneja kila asubuhi na kumwombea mabaya kila jioni. Sijui kama Mungu anapokea maombi ya namna hiyo, lakini niliyaomba kwa moyo wote, kuliko sala yoyote niliyowahi kuomba.

Kisha wateja wa nje wakaanza kudai kumbukumbu ambazo meneja hakuwa nazo, na mwekezaji akaleta mtaalamu kutoka Dar. Alikuwa dada mdogo tu, kavaa suruali ya jinzi na raba. Alikuja chumba cha jenereta kuuliza habari za umeme. "Shikamoo, fundi." Nikaitika. Akazunguka, akaingia kwenye chumba cha maboksi, akakaa humo hadi mchana. Alipotoka nilikuwa mlangoni na meneja alikuwa ananyoosha tai yake.

"Bosi," alisema, "nani kakwambia haya maboksi ni matupu?"

"Karani alitazama. Hakukuwa na kitu."

"Karani alitazama nje ya mlango. Seva yenu mpya haijaunganishwa, maboksi hayaitambui, ndiyo maana haioni kitu. Humu ndani kumejaa. Kumejaa mpaka siku ile ya radi. Aliyeyafunga haya alikuwa fundi kweli. Yuko wapi nimwone?"

Nilimjibu mimi. "Amekufa."

Dada akashika mdomo. "Pole sana. Ulikuwa unamfahamu?"

"Ni mdogo wangu."

Tukasimama watatu. Meneja alitazama waridi lililoanguka njiani kana kwamba ni mara ya kwanza kuliona. Dada akasema kwa sauti ya chini kwamba kazi imebaki ndogo, kuiunganisha seva mpya na maboksi, ila paswedi hana, na maboksi yenyewe yamepangwa hivi kwamba ukikosea mara nyingi yanajifunga moja kwa moja.

Ndipo nilipomwona meneja akikumbuka. Kumbukumbu ilimjia usoni polepole. Akacheka kidogo, kama mtu aliyeokota kitu.

"Fundi! Si wewe uliyeandika siku ile? Yule ng'ombe!"

"Ni mimi."

"Unalikumbuka jina?"

Ningeweza kusema nimesahau. Hilo lingemmaliza kabisa, na usiku nimelifikiria mara nyingi. Lakini mimi siwezi kusema uongo, si kwa wema, ni kwamba ulimi wangu haukujifunza. Na nilipofungua mdomo niligundua kuwa ukweli unauma zaidi.

"Nalikumbuka."

"Basi liseme."

"Silisemi."

"Unasemaje?"

"Nalijua, bosi. Silisemi."

Akaivuta tai yake. "Hiyo ni mali ya kampuni!"

"Jina la ng'ombe wa mama yangu si mali ya kampuni."

Yule dada aligeuka kutazama mlima, mabega yake yakatikisika kwa kicheko. Meneja alitaja polisi. Nikamwambia aende, nitawajibu vile vile. Alitaja kazi yangu. Nikavua funguo za jenereta nikampa. Alizishika mkononi, akasikiliza ile injini inavyounguruma na mawaridi yake yote yakiitegemea, akanirudishia.

"Unataka nini?" aliuliza.

"Uliyosema kaburini, uyarudishe."

Hakujibu siku hiyo. Alimtuma dereva wake apande kwetu kuuliza majirani ng'ombe aliyekula shela aliitwaje. Majirani wakamwambia kwa furaha, na kisa chote wakamsimulia. Kesho yake meneja mwenyewe akaandika "Bibi Harusi" kwenye seva mpya. Akaandika kwa herufi kubwa, kisha ndogo, kisha bila nafasi katikati. Yule dada akamvuta mkono. "Bosi, ukiendelea utafunga nyumba na ufunguo uko ndani." Habari hiyo nililetewa na wafungashaji, na nilikula chakula changu cha mchana kwa hamu ambayo sikuwa nayo tangu msiba.

Lakini wafungashaji walikuwa na neno lao pia. Mama mmoja wa meza ya kufungashia, aliyemjua mdogo wangu tangu anasoma, alinifuata. "Baba, kisasi chako tunakielewa. Lakini siku zetu za kazi zimo humo ndani. Unamchoma yeye, moshi tunavuta sisi."

"Nataka aseme maneno machache tu."

"Basi mrahisishie ayaseme. Mtu mwenye tai shingo yake ni ngumu."

Sikumrahisishia. Meneja alikuja nyumbani mchana mmoja, na mfuko wa sukari na mchele, akataka aongee na mama ndani, faragha, wakinywa chai. Nilisimama mlangoni sikumpisha. Mama aliita kutoka nyuma ya nyumba, "Ni nani?"

"Ni meneja. Anataka kukuomba radhi ndani."

Mama alikuja anafuta mikono kwenye khanga. Meneja akainama, "Shikamoo mama." Mama hakuitikia. Sijawahi kumwona mama akiacha shikamoo chini namna ile, si kwa mtoto, si kwa mlevi.

"Siku ile ulisemea ndani?" alimwuliza.

"Hapana, mama."

"Ulisemea kwenye mashine ya kupaza. Basi rudishia kwenye mashine ya kupaza." Akautazama mfuko. "Na hivyo vitu chukua. Msiba umekwisha, sisi tunakula."

Hapo ndipo nilipojua ninachotaka. Nilimwambia masharti yangu pale pale uani: tutaunganisha kama tulivyounganisha mara ya kwanza. Yeye kwenye maboksi, mimi kwa Mpagazi, na redio za upepo mkononi, asubuhi, wasimamizi wote wakiwa kazini.

Alikubali akitazama kando.

Asubuhi ile mama alishuka nami. Hakuwahi kukanyaga shamba tangu kahawa ing'olewe. Wafungashaji walimgeuzia ndoo ya maua, akaketi mbele ya Mpagazi, redio magotini. Yule dada wa Dar alikuwa ameshaandika jina la ukoo na anwani ya kila boksi. Skrini ilibaki na kisanduku kimoja kitupu. Akaniambia, "Paswedi ni yako, mzee wangu. Mimi nitatazama huko," akageuka kweli. Meneja alikuwa kwenye mlango wa chumba cha maboksi, maana upande ule nao ulihitaji mtu wa kubonyeza kukubali.

"Mpagazi, unanipata?" Ilikuwa sauti ya meneja, lakini maneno yalikuwa ya mdogo wangu.

"Nakupata."

"Niko tayari. Andika."

"Wewe sema kwanza."

Redio ikakoroma. Mikono ya wafungashaji ilisimama juu ya mawaridi.

"Napenda kutoa ufafanuzi," alisema, "kwamba kuhusu zile kumbukumbu kulikuwa na hali ya kutokuelewana…"

"Hukusema hivyo kaburini," nilimkatiza.

Akasema haraka haraka, "Maboksi hayakuwa matupu."

"Rudia."

"Hukunisikia?"

"Nimekusikia. Rudia."

Kutoka banda moja mtu alipiga mluzi. Meneja akarudia, kwa sauti zaidi. "Maboksi hayakuwa matupu! Yamejaa. Kazi ilifanywa vizuri. Mimi nilisema bila kutazama."

"Rudia."

Akarudia. Nilitaka arudie hadi jioni, nilitaka akaushe koo. Nilikuwa nabonyeza kitufe kwa mara nyingine mama aliponishika mkono, akaichukua redio. Hakujua kubonyeza, mfungashaji akambonyezea.

"Kazi ilifanywa na nani?" mama aliuliza.

"Na… marehemu, mama."

"Marehemu wapo wengi. Huyu wangu nilimpa jina."

Na meneja, mlangoni pa chumba kile, akiwa amesimama mbele ya maboksi na shamba zima likiwa masikioni mwake, akalitaja jina la mdogo wangu. Lake, la baba, la ukoo. Lilitoka kwenye kila redio, bandani na vitaluni, hadi kwenye kilima cha tangi la maji. Mama alifunika uso kwa khanga, na khanga ikaanza kutikisika.

Nikaandika. Kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Upande wa pili meneja alibonyeza kukubali. Taa ikasita, ikageuka kijani, na faili zikaanza kushuka kwenye skrini, nyingi, zikifuatana, kama watu wanaotoka kanisani.

Yule dada aliniambia kwa upole kwamba sasa paswedi lazima ibadilishwe, ndiyo utaratibu, na ya zamani haitafungua tena. Nilimwambia abadilishe. Jina lile lilikuwa limemaliza kazi za watu, lirudi kwa ng'ombe.

Meneja alikuja bandani shati limelowa. Alisema atatoa gari limpandishe mama nyumbani. Mama alisema ana miguu. Meneja akaninyooshea mkono aniage. Nikautazama mpaka akaurudisha mfukoni.

Niliomba ruhusa ya mchana huo, nikampandisha mama kwa njia ya mfereji. Alikuwa akisimama kila kona kupumua. Jumapili hiyo, alisema, angerudi kwenye umoja wa wanawake. Tulipofika kwenye mbuni wa mwisho uliosalia, akauliza, "Umemsamehe yule?"

"Hapana."

"Wala mimi," mama alisema. "Shika huu mkoba, mlima umekuwa mkali."